Mdogo wangu kahukumiwa kunyongwa kwa ushahidi wa jirani aliyemwona usiku. Rufaa tuipiganie wapi?

Swali: Mdogo wangu amehukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu kwa kuua kwa kukusudia. Ushahidi ulikuwa wa mama mmoja jirani aliyesema alimwona usiku kwa mwanga wa taa ya sola na akaitambua sauti yake, maelezo ya polisi ambayo mdogo wangu anasema alisainishwa baada ya kupigwa, na panga lenye damu lililokutwa nyumbani. Sasa yule mama anawaambia watu kwamba hakuwa na uhakika. Hukumu ina wiki mbili. Wakili aliyepangiwa na serikali amemaliza kazi yake na hatumpati. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kanda ya Ziwa)

Jibu: Pole sana, dada. Nitakujibu kwa urefu, lakini jambo la kwanza ni la kufanya kesho asubuhi.

Kanuni ya 68 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inampa mdogo wako siku 30, kuanzia tarehe ya hukumu, kuwasilisha taarifa ya rufaa kwa Msajili wa Mahakama Kuu pale pale hukumu ilipotolewa. Nusu ya muda huo imeshakwenda. Kwa kuwa yuko ndani, Kanuni ya 75 inamruhusu kupitia kwa Mkuu wa Gereza: anajaza fomu, anaikabidhi, gereza linaipeleka mahakamani. Nenda kamuulize kama ameijaza, ameisaini au kuweka dole gumba tarehe ngapi, na nani aliipokea. Ukitoka hapo pitia kwa Msajili ukahakikishe imefika na imegongwa mhuri. Wapo watu wanaokaa miaka wakiamini rufaa ipo, kumbe karatasi haikutoka gerezani. Na mtu asikwambie kwamba taarifa ya rufaa haiwezi kwenda mpaka nakala ya hukumu itoke. Inakwenda bila nakala. Hoja zenyewe ni za baadaye, ndani ya siku 21 baada ya kukabidhiwa kumbukumbu za rufaa. Siku 30 zikipita, linaweza kupelekwa ombi la kuongezewa muda, lakini hapo atatakiwa kutoa sababu za msingi na kueleza kila siku aliyochelewa. Msijitafutie mzigo huo.

Najua neno kunyonga linawanyima usingizi. Hukumu ya kifo haitekelezwi rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, na Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Mwambie hivyo mama yenu. Lakini msilegee kwa sababu hiyo, maana maisha ya aliyehukumiwa kifo gerezani ni adhabu tosha.

Sasa nije kwenye ushahidi. Kwa kuwa kesi ilianzia Mahakama Kuu, hii ni rufaa ya kwanza, na rufaa ya kwanza ina uzito wa pekee. Tangu uamuzi wa Pandya wa mwaka 1957, mahakama zetu zinashikilia kwamba rufaa ya kwanza ni kama kesi kusikilizwa tena: majaji wana wajibu wa kuuchambua ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wao wenyewe. Tofauti ni kwamba hawatamwona shahidi hata mmoja. Majaji wa Rufani watatu watasoma mwenendo wa kesi, yaani kile jaji alichoandika mashahidi wakisema, pamoja na vielelezo na hukumu. Jambo ambalo halimo kwenye kurasa hizo, kwao ni kama halikutokea.

Kwa hiyo omba mwenendo wa kesi na hukumu mapema, kwa barua, na uvisome neno kwa neno. Kumbukumbu nyingi, hasa za kesi zilizoanza kabla ya Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, ziko kwa Kiingereza. Tafuta mwalimu au mwanafunzi wa sheria akusomee taratibu. Familia nyingi zinatumia nguvu zote kuwaambia watu kwamba kijana wao ni mpole na asingeweza kuua. Ninawaelewa, lakini majaji hawatajadili tabia yake wala hawatatafuta aliyeua ni nani. Swali lao ni kama Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilithibitisha, pasipo kuacha shaka ya msingi, kwamba ni yeye. Kesi ya Mohamed Said Matula ya mwaka 1995 inalisema hili waziwazi kwa makosa ya kuua: upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kifo na pia kiungo kati ya kifo hicho na mshtakiwa. Kwenu kifo hakibishaniwi. Vita yote iko kwenye kiungo.

Anza na yule mama. Kesi ya kushika mkononi ni ya Waziri Amani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980. Humo majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine na hautegemewi kabisa, na kwamba mahakama isiutumie mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa na ushahidi wenyewe hauvuji popote. Wakataja vya kuangalia: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika hali gani ya mwanga, kama kulikuwa na kitu kilichomziba, na kama alikuwa anamfahamu kabla.

Umeninukuulia alichosema mama huyo, ambaye ndiye shahidi wa pili wa Jamhuri: "Nilimtambua kwa mwanga wa taa ya sola iliyokuwa inawaka, na sauti yake naijua." Tuikalie sentensi hii, maana rufaa inaweza kusimama au kuanguka juu yake. Taa ilikuwa wapi? Ukumbini, barazani, au chumbani huku yeye akichungulia dirishani? Ilikuwa balbu ya namna gani, na mwanga wake ulifika wapi? Betri ya sola usiku wa manane siyo ile ya saa moja jioni. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba shahidi kusema tu kulikuwa na mwanga haitoshi. Lazima aeleze chanzo chake na ukali wake. Shambulio lilichukua dakika ngapi? Je, mtu huyo alikuwa amempa uso au mgongo? Kulikuwa na tochi, na aliishika nani? Mshambuliaji akimmulika shahidi usoni, mwanga huo unamsaidia mshambuliaji na kumpofusha shahidi. Ukipitia ukurasa hadi ukurasa ukakuta maswali haya hayana majibu, hilo pengo ni la Jamhuri, na pengo la Jamhuri linamnufaisha mshtakiwa.

Upande wa pili watajibu kwamba yule mama ni jirani, amemjua kijana tangu utotoni, kwa hiyo alimtambua mtu anayemfahamu. Hoja hiyo ina nguvu na msiidharau. Kumtambua unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Hata hivyo, mahakama hiyo hiyo imekubali kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na rafiki zao wa karibu, na kama mazingira ya kuona ni mabaya, kufahamiana peke yake hakuyatengenezi. Kuhusu sauti, ushahidi wa namna hiyo unahesabiwa miongoni mwa ulio dhaifu kabisa, kwa sababu sauti inaigwa, na mtu anayepiga kelele katika vurugu hasikiki kama anavyosikika dukani. Angalia kama shahidi alieleza maneno gani yalisemwa. Kama hakutaja hata neno moja, andika hilo pembeni.

Halafu tafuta kwa makini alimtaja lini. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama yenye busara ijiulize. Tuseme yule mama alipiga yowe, watu wakaja. Je, aliwaambia waliokuja pale, usiku ule, kwamba ni fulani? Mwenyekiti wa kitongoji alipofika aliambiwa jina gani? Kama kijana alikamatwa siku nne baadaye ilhali alikuwa nyumbani muda wote na jina lake lilishatajwa, kwa nini hawakumfuata? Na wale walioitikia yowe, waliitwa kutoa ushahidi? Kama hawakuitwa na hakuna sababu iliyotolewa, kesi ya Aziz Abdallah ya mwaka 1991 inairuhusu mahakama kuamini kwamba huenda maneno yao yasingeisaidia Jamhuri.

Hapo kuna jambo linalowaumiza wengi. Huenda kwenye maelezo yake ya polisi yule mama alisema jambo tofauti na alilolisema kizimbani. Maelezo ya mashahidi husomwa wakati wa hatua za awali katika mahakama ya chini, kwa hiyo huenda mnayo nakala. Lakini kama wakili wenu hakumhoji shahidi juu ya tofauti hiyo na kuyatoa maelezo hayo kama kielelezo wakati wa kesi, kwa kawaida Majaji wa Rufani hawataweza kuyatumia. Angalia orodha ya vielelezo vya utetezi kabla ya kuijenga hoja hiyo.

Maelezo ya onyo aliyosainishwa polisi yana njia kadhaa za kushambuliwa, na ziko kwenye karatasi yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, ukitoa muda wa kumsafirisha na isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Linganisha tarehe na saa ya kukamatwa iliyotajwa na askari mkamataji na saa iliyoandikwa juu ya maelezo. Askari mmoja akisema alimkamata alfajiri ya Jumatatu na maelezo yakaandikwa Jumatano mchana, nani alieleza kilichofanyika katikati? Si kila kuchelewa kunayaua maelezo, kwa kuwa mahakama imewahi kukubali sababu za upelelezi, lakini kuchelewa kusikoelezwa kumeshayaondoa maelezo ya watu wengi kwenye kumbukumbu.

Kuhusu kupigwa, fungua siku ambayo maelezo hayo yalitolewa mahakamani kuwa kielelezo. Wakili alipinga? Kama alipinga kwamba hayakutolewa kwa hiari, jaji alipaswa kusimamisha kila kitu na kuendesha kesi ndani ya kesi kabla ya kuyapokea. Kama hakupinga siku ile, na kijana akaanza kusema alipigwa alipojitetea, mjiandae kuambiwa ni mawazo ya baadaye. Bado mtabaki na kanuni ya Tuwamoi ya mwaka 1967, kesi iliyotoka Uganda na ambayo mahakama zetu zinaifuata: ungamo lililokanwa lisipokewe bila tahadhari, na kwa kawaida linahitaji ushahidi mwingine wa kulitia nguvu, ingawa jaji aliyejionya anaweza kulitegemea peke yake akiridhika kwamba haliwezi kuwa kitu kingine ila ukweli. Je, jaji alijionya? Tafuta maneno hayo kwenye hukumu. Angalia pia kama maelezo yalisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Kesi ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003 ndiyo inayotajwa siku zote hapa: kielelezo cha maandishi kinapokelewa kwanza, kisha kinasomwa ili mshtakiwa ajue kilichomo. Kisiposomwa, huondolewa.

Kama alipelekwa pia kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu anayeandika maungamo, na kukiri huko, niambie. Hilo ni zito zaidi na linahitaji hoja zake.

Panga nalitaja kwa kifupi kwa sababu hujaniambia ripoti ya maabara ilisema nini. Karibu kila nyumba ya mkulima ina panga. Damu juu yake inaeleza kitu iwapo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliipima na kuihusisha na marehemu. Kama haikupimwa, au ripoti inasema tu ni damu ya binadamu, kiungo bado hakipo. Fuata safari ya panga: hati ya ukamataji, shahidi huru, aliyelitunza kituoni, aliyelipeleka maabara, aliyelirudisha. Kesi ya Paulo Maduka ndiyo msingi wa hoja ya mnyororo wa utunzaji. Lakini tangu hapo mahakama imelegeza kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa, na panga linaweza kuingizwa humo, kwa hiyo msiitegemee hoja hii kuwa nguzo yenu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine pote. Wafungwa wakiandika hoja zao gerezani huwa wanaweka mbele makosa ya utaratibu, kwa sababu wenzao wameshinda kwa hayo. Fikirini yanaleta nini. Mahakama ikikuta mwenendo wa kesi ulikuwa na kasoro kubwa, inaweza kuubatilisha na kuamuru kesi isikilizwe upya. Mdogo wako atarudi mahabusu, na Jamhuri itakuwa imeshajua udhaifu wake uko wapi. Kinga yenu ni kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966: kesi haisikilizwi upya ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao. Ili kinga hiyo ifanye kazi, lazima mwe mmeyaonyesha mapengo hayo. Kwa hiyo hoja ya kwanza iwe ya utambuzi, ya pili iwe ya maelezo ya onyo, kisha mseme wazi: maelezo yakiondolewa na utambuzi ukikataliwa, hakibaki kitu cha kumtia hatiani, na kwa ushahidi huu haki ni aachiwe huru. Mkiona kuna kosa la utaratibu, liingie baada ya hapo. Nimeona mawakili wazuri wakishinda hoja ya utaratibu na mteja akarudi kuanza kesi moja; kwangu huo si ushindi wa kumletea mama aliyehukumiwa mwanawe.

Kuna hoja moja ndogo ya kuongeza kama hukumu inairuhusu. Ukikuta jaji ameandika kwamba utetezi wa kijana wa kuwa mahali pengine haukuaminika, ndiyo maana akamtia hatiani, pigia mstari. Mshtakiwa hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake. Anatiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa Jamhuri, na kesi ya Christian Kale ya mwaka 1992 inalisema hilo.

Sasa yule mama anayesema hakuwa na uhakika. Najua moyo unakutuma uende ukamsihi. Usiende, na wala usimtume mtu. Akija kueleza jambo jipya baada ya kukutana na familia, Wakili wa Serikali atasema amenunuliwa au ametishwa, na wewe unaweza kujikuta na kesi yako mwenyewe. Yeye pia anajiweka hatarini, kwa sababu alitoa ushahidi chini ya kiapo. Kanuni ya 36 inaipa Mahakama ya Rufani uwezo wa kupokea ushahidi wa nyongeza, lakini ni kwa nadra: lazima ushahidi huo usingeweza kupatikana wakati wa kesi kwa juhudi za kawaida, uwe wa kuaminika, na uwe wenye uzito wa kuweza kubadilisha uamuzi. Shahidi aliyegeuka kwa kawaida hutazamwa kwa mashaka makubwa. Andika umesikia nini, kutoka kwa nani, tarehe gani, na umpe wakili aamue. Nguvu zenu ziwe kwenye maneno yake ya kizimbani, ambayo hakuna anayeweza kuwashutumu kwamba mmeyapika.

Kuhusu wakili, Mahakama ya Rufani inaweza kumpangia mrufani wakili kwa gharama za serikali, na katika hukumu za kifo hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi wakili huyo hupata faili karibu na kikao. Usingoje. Andaa daftari lenye namba za kurasa: mwanga ukurasa huu, kumtaja ukurasa ule, saa ya kukamatwa hapa, saa ya maelezo pale. Siku atakayopangwa, mkabidhi. Wakati huo huo nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika ni mahali pa kuanzia. Hukumu zote nilizozitaja zinatafutika, na nyingi unaweza kuzisoma bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Namba za vifungu vya sheria, tofauti na zile za Kanuni, nimeziacha makusudi, kwa sababu toleo jipya la sheria zetu limebadilisha namba nyingi na hukumu za zamani zinatumia zile za awali.

Mahakama ya Rufani inaweza kumwachia, kumpunguzia kosa liwe kuua bila kukusudia, kuamuru kesi isikilizwe upya, au kuitupa rufaa. Ikiitupa, inabaki mapitio, yaani kuiomba mahakama hiyo hiyo iutazame tena uamuzi wake, chini ya Kanuni ya 66, ndani ya siku 60 na kwa sababu chache mno, pamoja na msamaha wa Rais. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua katika shauri la Ally Rajabu, Novemba 2019, kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kumwachia hiari kunakiuka haki ya kuishi. Lakini mwezi huo huo Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia kufungua mashauri huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 njia hiyo imefungwa kwa mashauri mapya.

Niletee tarehe ya mhuri kwenye taarifa ya rufaa, saa ya kukamatwa na saa ya maelezo, na kurasa zote za ushahidi wa shahidi wa pili, kuanzia alipoapa mpaka alipomaliza kuhojiwa na wakili wenu. Majibu yake kwa maswali ya wakili wenu ndiyo nitakayoyasoma kwanza.